Mwalimu mkali, kisu kikali, ngoma kali: maana za "-kali" na namna ya kuzitenganisha

Swali la msomaji: Mwanangu yuko darasa la sita. Katika insha yake aliandika, "Mwalimu wetu wa hisabati ni mkali sana, sote tunampenda." Daftari lilirudi na alama ya kuuliza pembeni, kwa kuwa msahihishaji aliona sentensi inajipinga. Mtoto anashikilia kuwa alikuwa anamsifu mwalimu wake. Nani yuko sahihi? Na kwenye geti tuandike "mbwa kali" au "mbwa mkali"? Halafu "makali" ya kisu ni wingi wa nini?

Jibu:

Mtoto hakukosea maana, alikosea mahali pa kuitumia. "Mkali" kwa maana ya bingwa ni Kiswahili kinachosikika redioni na viwanjani kila siku. Lakini katika insha ya shule, neno hilo likikaa peke yake karibu na "mwalimu", msomaji hulipokea kwa maana iliyozoeleka: mwenye kukaripia na kuadhibu. Kwenye geti, Kiswahili sanifu ni "mbwa mkali". Na "makali" ni nomino inayojitegemea, haina umoja unaotumika. Nitayaeleza yote matatu, ila si kwa mpangilio ulioyauliza, kwa sababu jibu la insha linategemea mengine.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba "kali" peke yake halijasema kitu. Maana huamuliwa na nomino inayovumishwa, na kipimo kizuri cha maana hiyo ni kinyume chake. Kinyume cha kisu kikali ni kisu butu. Cha chungwa kali ni chungwa tamu. Cha pilipili kali ni pilipili isiyowasha. Mbwa mkali, mbwa mpole. Sheria kali, sheria legevu. Shuti kali, shuti hafifu. Ngoma kali, ngoma mbovu. Kinyume kikibadilika, ujue na maana imebadilika.

Kwa mwalimu kuna vinyume viwili vya zamani, na hapo ndipo watu wengi hawapaangalii. Ukisema mwalimu fulani ni mkali huku kichwani una "mpole", unalalamika. Ukiwa na "mlegevu" kichwani, unamsifu: darasa lake limetulia, madaftari yanasahihishwa, kuchelewa hakuvumiliwi. Mzazi anayetafuta shule akauliza "walimu wa pale ni wakali?" mara nyingi anatamani aambiwe ndiyo. Kwa hiyo hata kabla ya lugha ya vijana, "mwalimu mkali" ilikuwa na sura mbili. Mwanao ameleta ya tatu, ambayo kinyume chake ni "hajui somo".

Tuanze na chuma. Kisu, wembe, panga na shoka huwa vikali vikiwa na makali, yaani ule ukingo mwembamba unaokata. Makali hutiwa kwa kunoa: panga kwa tupa, kisu cha jikoni kwa kinoo. Nomino hii hufuata upatanisho wa YA-: makali yameisha, makali yake mazuri, kisu kimepoteza makali. Usiandike "kali la kisu". Wala makali si ukali. Makali ni sehemu ya chombo, unaweza kuyapitishia kidole. Ukali ni sifa ya kitu kuwa kikali. Methali "ukali wa jicho washinda wembe" imetumia ukali kwa usahihi kabisa, kwa sababu jicho halina ukingo wa kukata, lina sifa tu, na sifa hiyo ndiyo inayoshindanishwa na wembe.

Ncha nayo ni kitu kingine. Ncha hutoboa, makali hukata. Sindano, mwiba na msumari vina ncha kali lakini havina makali. Wembe una makali. Kisu cha jikoni kina vyote viwili. Taarifa za habari zimezoea "kitu chenye ncha kali" kwa kila jeraha, hata la mtu aliyekatwa panga begani. Katika mazungumzo hakuna hasara, lakini anayetoa maelezo polisi kwa ajili ya fomu ya matibabu ya majeruhi, PF3 kule Tanzania au P3 kule Kenya, anapaswa kuwa mwangalifu. Jeraha la kuchomwa laweza kuonekana dogo kwa nje na kuwa refu kwa ndani. La kukatwa huwa refu juu ya ngozi na huonekana lote. Sema "amekatwa kwa kitu chenye makali" au "amechomwa kwa kitu chenye ncha kali", usichanganye. Hospitalini, sindano, nyembe na vichupa vilivyovunjika vyote huitwa "vifaa vyenye ncha kali", na boksi lake la usalama hufungwa likifika robo tatu. Hilo limekwisha kuwa istilahi ya kazi, liache lilivyo. Hisabati nayo ina istilahi zake kutoka hapohapo: pembe kali ni iliyo chini ya nyuzi 90, pembe butu imezidi 90 lakini haijafika 180.

Kutoka kwenye ukingo wa chuma, makali yamehamia kwenye chochote kinachoumiza kwa nguvu: makali ya njaa, makali ya baridi, makali ya maisha. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 2022, serikali ya Tanzania ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni, na lengo likatajwa kuwa kupunguza makali ya bei. Neno limechaguliwa vizuri, kwa sababu anayepunguza makali hajakiondoa kisu. Vivyo hivyo dawa za ARV, ambazo kwa muda mrefu ziliitwa dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, na sasa wengi husema dawa za kufubaza virusi. Majina yote mawili yanasema ukweli uleule wa kitabibu: virusi bado vimo mwilini, vimetiwa ubutu tu, na mgonjwa akiacha dawa hunoleka tena. Jina "dawa ya kuua virusi" lingempotosha mgonjwa. Hapa tamathali inafanya kazi ya kweli ya kuelimisha, si pambo.

Sasa ulimi, ambako "kali" huleta matatizo mengi zaidi jikoni. Neno hili limebeba ladha mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ya ndimu, siki, ukwaju na embe mbichi, ile inayofanya meno yapate ganzi. Ya pili ni ya pilipili na tangawizi, inayowasha. Ukimwambia mgeni "mchuzi huu ni mkali", hajui kama umezidisha ndimu au pilipili. Ukiandika mapishi, sema "mchuzi uliokolea ndimu" au "mchuzi unaowasha", umalize. Wala usilichanganye na "chungu", ambayo ni ladha ya mwarobaini na shubiri, wala na "ukakasi", ule wa ndizi mbichi au bibo unaokausha ulimi. Mtu akisema dawa ya mitishamba ni "kali" huku inamfanya akunje uso kwa uchungu, ametumia neno jirani tu.

Embe kali si lazima liwe bichi. Yapo maembe yanayoiva yakabaki makali, na yapo yanayoliwa mabichi bila kuwa makali sana. Kwa achari unataka embe ambalo ni bichi na pia kali, kwa sababu mbili tofauti: ubichi huipa achari nyama ngumu isiyoyeyuka kwenye mafuta, na ukali huipa ladha. Anayeagiza sokoni "embe kali" tu anaweza kuletewa lililokwisha kulainika.

Mfano unaoonyesha vizuri jinsi maana inavyohama ni tembo la mnazi, yaani kinywaji kinachogemwa kwenye mnazi. Likigemwa ni tembo tamu. Likikaa saa chache huchachuka lenyewe na kuwa tembo kali, na hapo "kali" lina maana mbili kwa mkupuo: lina ukali mdomoni na linalevya. Likiachwa siku kadhaa huwa siki. Watu walipozoea kwamba pombe iliyo kali ndiyo inayolevya zaidi, maana ya kulevya ikajitenga na ile ya uchachu. Leo "pombe kali" ni ile iliyokenekwa, yaani iliyochemshwa na mvuke wake ukapozwa, kama gongo la Tanzania au chang'aa ya Kenya, ambayo haina uchachu wowote. Serikali na wafanyabiashara huandika "vinywaji vikali" kwa maana hiyohiyo ya wingi wa kileo.

Kwenye hali ya hewa neno halina taabu, ila lina mipaka. Jua kali, joto kali, baridi kali, upepo mkali, ukame mkali, yote sawa. Mvua na mawimbi hupendelea "kubwa": Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa angalizo husema "upepo mkali" wa kilomita kadhaa kwa saa, na palepale "mawimbi makubwa". Giza ni nene au totoro, usingizi ni mzito, ukungu ni mzito. Kenya imelipa jua kali maisha mengine kabisa. Mafundi waliofanya kazi uwanjani bila paa, kama wa Kamukunji jijini Nairobi, waliitwa watu wa jua kali, na jina likapanda hadi kwenye sera: waraka wa serikali namba 2 wa mwaka 1992 ulihusu biashara ndogo na maendeleo ya jua kali. Hapo maneno mawili yamekuwa jina moja, na fundi wa jua kali mwenye karakana yenye bati zuri bado ni wa jua kali. Kutumia "jua kali" kumaanisha kazi ya ovyo si haki. Vyombo vingi imara vya nyumbani Afrika Mashariki, kuanzia majiko ya mkaa hadi masanduku ya bati ya wanafunzi, vimetoka katika mikono hiyo.

Tahadhari kubwa ninayo kwa wahudumu wa afya na wanaowapelekea wazee dawa. "Dawa hii ni kali" ni sentensi ya hatari. Mmoja huisikia kuwa dawa ina nguvu, atapona upesi. Mwingine huisikia kuwa itamdhuru, akakata kidonge nusu au akaacha siku ya pili. Kwa antibayotiki, kupunguza dozi au kuikatisha ni kuwapa wadudu nafasi ya kuzoea dawa. Semeni kile hasa mnachokusudia: "inachoma tumbo, inywe baada ya kula", au "inaleta usingizi, usiendeshe gari", au "usizidishe vidonge viwili". Kwa magonjwa, "kali" ni kiwango cha hatari, si muda wa kuugua. Malaria kali katika lugha ya hospitali ni ile yenye dalili za hatari kama degedege, kupoteza fahamu au upungufu mkubwa wa damu, na matibabu yake huanza kwa sindano. Nyumbani watu husema "malaria kali" kwa homa iliyowalaza siku mbili. Ugonjwa unaokaa muda mrefu au usiosikia dawa huitwa sugu, na waweza kuwa sugu bila kuwa mkali.

Tabia sasa. Je, mbwa mkali ni tamathali iliyotokana na kisu kikali? Wengi hufundisha hivyo, nami sikubaliani. Shina hili ni la Kibantu, si la kukopa. Kizulu kina "bukhali" kwa chombo kinachokata, na Kichewa cha Malawi kina "ukali" kwa hali ya kutisha na kushambulia. Maana ya chuma na maana ya tabia zimesambaa kwa ndugu walioachana zamani sana, kwa hiyo hakuna haja ya kumfanya mbwa mwanafunzi wa kisu. Ndani ya Kiswahili chenyewe, "karipia" ni mtoto wa shina hilihili. Kamusi za zamani zina pia umbo "kalipia", na hapo unaliona "kali" waziwazi. Maneno makali, onyo kali, barua kali, hatua kali za kisheria: yote yapo upande huu wa tabia. Hili la mwisho limetumika mpaka limechakaa. Mwandishi anayetaka kuaminiwa aseme hatua yenyewe ni faini, kifungo au kufungiwa leseni.

Maana ya sifa ndiyo changa na ndiyo yenye nguvu leo. Mkali wa mabao, ngoma kali, gari kali, ofa kali. Kwa mwanamke au mwanamume, "mkali" mtaani huweza kumaanisha mzuri wa sura, jambo ambalo mtoto hapaswi kulikaribia anapoandika juu ya mwalimu wake. Kuna pia "hii kali!" na "kali ya mwaka", ambapo neno linakaa bila nomino na kumaanisha la kushangaza, zuri au baya. Wafanyabiashara waepuke "bei kali": kijana husoma bei nzuri, mama yake husoma bei inayouma. Kwenye michezo, "mechi kali" ni ya ushindani, "shuti kali" ni la nguvu, lakini "kocha mkali" hubaki na utata hadi umalizie sentensi.

Utata huo humalizwa na viunganishi vidogo, na hapa ndipo pa kumsaidia mwanao. "Mkali kwa" huelekea kwa anayeumia: mwalimu ni mkali kwa wanafunzi. "Mkali wa" huelekea kwenye fani: mwalimu ni mkali wa hisabati. Neno moja lingeiokoa sentensi yake. Hata hivyo, kwa insha ya mtihani ningemshauri aandike "mahiri", "hodari" au "bingwa wa hisabati", kwa sababu msahihishaji hupima pia kama mwanafunzi anajua lugha ipi inafaa wapi.

Nikirudi kwenye geti, tatizo ni ngeli. Kwa umbo, "mbwa" ni nomino ya ngeli ya N, kama nguo na pilipili, ambazo husema nguo kali, pilipili kali. Lakini viumbe hai, hata vikiwa na umbo hilo, huchukua upatanisho wa A-WA: mbwa mkali anabweka, mbwa wakali wanabweka. Ubao wa "mbwa kali" umeenea sana Kenya mpaka umekuwa kama alama ya barabarani, na mwizi anauelewa vizuri. Sioni sababu ya kumng'olea jirani ubao wake, ila wako uandike "mbwa mkali", na kama ni wawili, "mbwa wakali", jambo ambalo "mbwa kali" haiwezi kulisema.

Ngeli nyingine hazina fumbo kubwa: mwiba mkali, miiba mikali, kisu kikali, visu vikali, jino kali, meno makali. Jua na jino hazitii kiambishi kwenye kivumishi kinachoanza na konsonanti, ndiyo maana ni "jua kali", kama "gari kubwa". Ngeli ya N hupoteza sauti yake ya pua mbele ya k, hivyo pilipili kali, japo ni pilipili nzuri na pilipili ndogo. Wembe na upepo huchukua m-: wembe mkali, upepo mkali. Watoto hupotea kwenye wingi wa wembe: ni nyembe kali, si "nyembe makali" wala "wembe wakali". Na angalia kwamba "makali" ya meno makali ni kivumishi, wakati makali ya kisu ni nomino, ingawa maandishi ni yaleyale.

"Vikali" kama kielezi huandamana na vitenzi vya kusema na kupinga: kulaani vikali, kukemea vikali, kupinga vikali, kuonya vikali. Haiendi popote. Mtu hujeruhiwa vibaya, hufanya kazi kwa bidii, humtazama mwenzake kwa ukali au kwa jicho kali.

Na kama shuleni kwao kuna zoezi linalosema "andika kinyume cha kali" bila sentensi, swali lenyewe lina kasoro. Mwanafunzi aliyeandika "butu", aliyeandika "pole" na aliyeandika "tamu" wote wana haki ya alama. Muombe mwalimu alitungie sentensi, hata ya maneno mawili.